Sura ya Saba: Sauti Imekatikia Wapi?

Probox yangu ilinyamaza Mundika, asubuhi, habari za saa moja zikisomwa. Nilikuwa nimesimama kumshusha jirani niliyempa lifti. Alifungua mlango wa kushoto, akashuka, akaubamiza, na mtangazaji akakatika katikati ya neno. Redio haikukoroma wala haikukwaruza. Taa zake ziliendelea kuwaka na namba ya stesheni ikabaki pale pale. Niliipiga kofi moja, kisha nikatamka hukumu ambayo kila mwenye gari huitamka: redio imekufa.

Hukumu hiyo ilinigharimu. Dukani mjini Busia niliambiwa spika zimeungua, nikanunua mbili mpya. Zikafungwa, kimya. Aliyezifunga akasema basi ni redio yenyewe, akanielekeza kwenye kabati la kioo palipopangwa nyingine. Nilikuwa nimekwisha kutoa pesa mfukoni nilipokumbuka kwamba Malaba kuna fundi wa umeme wa magari ambaye madereva wa malori humngoja hata nusu siku ilhali mafundi wengine wamekaa bure. Nikaondoka bila kununua.

Nilimweleza kwamba spika zilikufa na redio nayo imekufa. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akauliza swali moja tu: "Mwalimu, sauti imekatikia wapi?"

Hakuwa akiuliza habari za Mundika. Alikuwa akiuliza njia iliyo ndani ya gari, na sura hii yote imetokana na swali hilo. Lori la mzigo lililotoka Mombasa likikosa kufika Kampala, tajiri wake hasemi lori limekufa. Anashika simu na kuulizia mizani kwa mizani: limepita Mariakani? Limeonekana Mlolongo? Gilgil je? Webuye? Au limeshafika Amagoro na limo kwenye foleni ya mpaka? Akishajua mizani ya mwisho lilipopita na ile ambayo halijafika, amebakiwa na kipande kimoja cha barabara cha kutafuta. Sauti ya gari nayo ina mizani zake. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, huingia kwenye redio. Mawimbi huingia kwa antena. Sauti hutoka nyuma ya redio kwa waya nyembamba, pengine hupitia amplifaya, kisha hufika kwenye spika. Anayekuuzia spika kabla hajajua sauti imefika wapi anapiga ramli, na wewe ndiye unayelipia ramli yake.

Nianze na kimya ambacho sisi wa mpakani tunakijua kuliko watu wengine, kile kinachotoka Japani.

Magari yaliyotumika hushushwa bandarini Mombasa, na mengi hupita kwetu, Malaba na Busia, yakienda Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Dereva wa kuyafikisha huwasha redio njiani na kupata mvumo tu, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Anazungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho. Huenda akaambulia stesheni moja au mbili za mwishoni kabisa. Redio hiyo haina ugonjwa wowote. Japani hurusha matangazo ya FM kuanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi iliishia 90; redio za karibuni hufika 95. Kenya na Uganda hurusha kati ya 87.5 na 108. Redio ya zamani ya Kijapani na stesheni zetu hukutana kwenye ukingo mwembamba tu, kati ya 87.5 na 90.

Dawa yake ni kile kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda, kinachofungwa kati ya waya ya antena na redio. Kazi yake ni kuishusha kila stesheni kwa namba moja isiyobadilika. Ekspanda ya 20 huifanya stesheni ya 98 isomeke 78. Lakini hapa kuna hesabu ambayo muuzaji haisemi. Kutoka 76 hadi 90 ni megahezi 14, na masafa yetu yana upana unaozidi 20. Hakuna ekspanda inayoweza kuyaingiza yote humo, sawa na vile huwezi kumimina debe la mahindi kwenye gorogoro. Ukifunga ya 20, unafungua kuanzia 96 hadi 108, na stesheni zote zilizo kati ya 90 na 96 zinabaki nje. Ukifunga ya 14, unapata 90 hadi 104, na za juu zaidi zinapotea. Ndiyo maana mtu mmoja anasikia stesheni za Tororo vizuri kabisa na kulalamika kwamba Bungoma "haishiki", naye mwenzake mwenye gari kama hilo hilo analalamika kinyume. Kabla ya kununua, andika kwenye karatasi namba za stesheni tatu unazozipenda, kisha mwambie fundi akupe ekspanda inayozifikia.

Kisanduku hicho kinahitaji umeme wake na ethi yake, yaani waya inayofungwa kwenye chuma cha gari. Waya yake moja ikilegea, redio nzima inarudi kuvuma kama siku iliposhuka melini, na ni rahisi kudhani redio imeharibika. Kipimo chake hakina gharama: weka wimbo kwa flashi au simu. Ukisikika vizuri, basi njia yote kutoka redio hadi spika ni nzima, na tatizo lako liko upande wa antena. Hapo umeshakata barabara katikati kwa sekunde kumi. (Flashi yenyewe iwe imepangwa kwa FAT32. Redio nyingi hazisomi mpangilio mwingine, na watu wamebadilisha redio nzima kwa sababu ya flashi.) Jambo jingine la upande huu: Toyota nyingi zina antena yenye kikuza mawimbi kinachotegemea umeme kutoka kwenye redio. Ukifunga redio mpya ukaiacha waya yake ya bluu ikining'inia, antena inabaki imelala, na stesheni zitasikika ukiwa mjini tu.

Kuna kimya kingine cha Kijapani kinachouma zaidi. Gari limekaa yadi miezi, betri imekwisha, au fundi ameichomoa ili achomelee bodi. Umeme ukirudi, skrini inaleta maandishi ya Kijapani yakidai kadi ya ramani, au inadai namba ya siri ya kufungua. Redio za Toyota za jamii ya NSZT hufanya hivyo. Ni kinga dhidi ya wezi. Kadi mara nyingi ilibaki Japani na namba haikuandikwa popote. Redio ni nzima lakini imejifunga, na kuifungua ni kazi ya mtu mwenye programu yake. Kwa hiyo nakusihi, kama gari lako lina redio ya namna hiyo na redio inafanya kazi, usimruhusu mtu yeyote kuchomoa betri kabla hajaunganisha betri ya pembeni ya kushikilia kumbukumbu.

Sasa kimya cha giza. Umegeuza ufunguo, redio haina hata taa. Hiki ndicho kimya chepesi kuliko vyote, na mara nyingi ni fyuzi. Kwenye Toyota, umeme wa kudumu wa redio mara nyingi hupitia fyuzi iliyoandikwa DOME, ile ile ya taa ya ndani. Fungua mlango usiku: taa ya juu ikikataa pamoja na redio, umeshapata jibu kabla ya kushika bisibisi. Rangi ya fyuzi ni lugha. Nyekundu ni ya ampia 10, bluu 15, njano 20. Iliyoungua irudishiwe ya rangi ile ile. Nimeona kwa macho yangu fyuzi iliyovikwa karatasi ya sigara inayong'aa, ndani ya matatu yenye abiria. Fyuzi ikiungua mara ya pili, maana yake kuna waya mahali imepiga shoti, na karatasi ile imeipa shoti hiyo ruhusa ya kuendelea mpaka kitu kingine kiungue, na hicho kingine ni gari.

Nyuma ya redio za madukani, kama Pioneer, Sony na Kenwood, waya ya njano ni ya umeme wa kudumu, nyekundu ni ya umeme unaokuja na ufunguo, nyeusi ni ethi. Redio ikiwaka lakini ikasahau stesheni zake kila unapozima gari, njano haina umeme wa kudumu. Isipozima hata ukichomoa ufunguo, nyekundu na njano zimefungwa pamoja, na asubuhi moja utaomba watu wakusukume.

Hapa nataka msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo redio nyingi mpya za mpakani hufia siku ile ile zilipofungwa. Watu hulinganisha rangi: njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Inaonekana ni busara. Lakini Toyota ina rangi zake. Kwenye waya za kiwandani za Toyota, umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, umeme wa ufunguo ni kijivu, na ethi ni kahawia. Nyeusi na njano ni za spika ya nyuma kushoto. Nyekundu na nyeupe ni za spika ya nyuma kulia. Aliyefuata rangi ameunganisha njia za umeme wa redio na spika za nyuma, akashangaa kwamba kifaa kipya hakiwaki. Spika za mbele ni waridi na zambarau upande wa kushoto, kijani hafifu na bluu upande wa kulia. Nakili rangi hizi uziweke ndani ya gari. Lakini hata ukizijua, pima kwanza kwa mita, maana gari lililopita mikononi mwa mafundi watatu linaweza kuwa na rangi za kila mmoja wao. Na ukikuta plagi ya njano tupu chini ya usukani au ndani ya dashibodi, iache. Hiyo ni ya mifuko ya hewa inayomlinda dereva katika ajali, na taa ya kupimia ikiigusa inaweza kuilipua usoni pako.

Kimya kigumu ni kile kilichonikuta mimi: taa zinawaka, namba zinasomeka, sauti hakuna.

Fundi wa Malaba hakugusa bisibisi kwanza. Aliangalia kama neno MUTE au ATT limeandikwa kwenye skrini. Akaangalia kama redio imewekwa AUX, mahali ambapo hakuna kitu kilichochomekwa. Akaingia kwenye mpangilio wa sauti kuona kama haikusukumwa yote nyuma. Kwenye gari lenye spika za mbele pekee, kama zilivyo Probox nyingi, sauti ikisukumwa nyuma inakwenda pasipo na mtu wa kuisema. Mtoto akicheza na vitufe safari nzima anaweza kukuachia kimya cha kukutoa pesa. Hayo yote yalimchukua dakika moja. Kisha akaivuta redio kutoka kwenye dashibodi, akaiacha ikiwaka, akachukua mita.

Jambo alilofanya baada ya hapo sikuwahi kuliona kwa fundi mwingine. Aliweka ncha nyeusi ya mita kwenye chuma cha gari na ncha nyekundu kwenye waya za spika, moja baada ya nyingine. Akaniita nisome. Waya za kulia zilisoma karibu sifuri. Za kushoto vile vile. "Zingekuwa na sita," akasema.

Maelezo yake ni haya. Redio za zamani zilikuwa na waya moja ya sauti kwa kila spika, na waya ya pili ilifungwa kwenye chuma cha gari. Redio za leo hazifanyi hivyo. Ndani yake mna chipu moja ya sauti (katika nyingi imeandikwa TDA7388) inayoisukuma kila spika kwa waya zote mbili, moja ikivuta huku nyingine ikisukuma, na kila waya hukaa kwenye nusu ya umeme wa betri, yaani karibu volti 6. Spika haiungui kwa volti hizo kwa sababu waya zote mbili ziko sawa. Tofauti kati yao ni sifuri mpaka muziki unapoanza. Ndiyo maana kipimo hiki ni kizuri mno. Waya zote zikisoma karibu 6, chipu iko hai, tafuta ubovu mbele yake. Zote zikisoma sifuri, chipu imeungua au imejizima. Pande nyingine zikisoma 6 na waya moja ikasoma sifuri au 12, njia hiyo moja ya sauti imeharibika.

Kutokana na hilo huja kosa ninaloliona barabara nzima ya Busia. Fundi aliyejifunza kwenye redio za zamani huokoa waya kwa kuifunga hasi ya spika kwenye chuma. Anaipeleka nusu ya betri moja kwa moja kwenye ethi. Chipu nzuri hujihami kwa kunyamaza. Redio za Kenwood huandika PROTECT, za Pioneer huandika AMP ERROR. Chipu duni huungua moshi mmoja. Waya ya spika ya siku hizi isiguse chuma cha gari popote, hata kwa nukta moja iliyochubuka.

Basi redio yangu: imeungua, au imejihami? Fundi alichomoa waya zote nne za spika, akazima redio, akawasha tena, akapima upya kwenye pini za redio yenyewe. Sita. Sita. Sita. Sita. Redio niliyokaribia kuitupa ilikuwa nzima kabisa.

Akazirudia spika zangu za zamani, zile mbili zilizokuwa ndani ya mfuko wa nailoni kwenye buti. Alichukua betri ndogo ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, akagusisha ncha zake kwenye pini za spika. Ikapiga tok, na karatasi yake ikaruka mbele. Ya pili pia. Spika iliyokatika haitoi hata mkwaruzo. Karatasi ikirudi nyuma badala ya kwenda mbele, umegeuza chanya na hasi. Kamwe usifanye hivyo kwa betri ya gari; volti 12 zitaipika koili. Kwa uhakika zaidi akaweka mita kwenye omu: 3.6 na 3.5. Spika iliyoandikwa omu 4 husoma hivyo, chini kidogo ya nne, na iko salama. Ingesoma njia imekatika, koili ingekuwa imeungua. Ingesoma karibu sifuri, koili ingekuwa imepiga shoti, na hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa huishusha redio nzima.

Spika nzima. Redio nzima. Kilichobaki ni barabara kati yao, lakini kabla ya kufika huko alikuja dereva wa matatu ya Kisumu akikimbia, wufa yake imezima na abiria wanangoja. Nikasogea nisikie.

Penye amplifaya, mizani inaongezeka. Amplifaya inataka vitu vitatu ndipo iamke: waya nene ya umeme kutoka kwenye betri, ethi nzuri, na volti 12 kwenye waya nyembamba ya bluu na nyeupe inayotoka kwenye redio kuiambia kwamba kazi imeanza. Ikikosa ya tatu italala hata kama zile mbili ni nene kama kidole. Ya matatu ile ilikuwa imeamka, lakini taa yake ilikuwa nyekundu badala ya kijani. Ilikuwa imejihami. Fundi alichomoa waya za spika: taa ikabaki nyekundu. Ingegeuka kijani, kosa lingekuwa kwenye spika au waya zake. Akapima umeme kwenye pini za amplifaya injini ikinguruma: volti 10 na kitu, wakati betri yenyewe ilisoma 14. Volti karibu nne zimepotelea njiani.

Zilipotelea kwenye waya. Ilikuwa nene kwa macho, lakini alipoikwangua kwa wembe, ngozi ya shaba ikatoka na ndani ikawa nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, hupata moto, na hulegea kwenye viungo. Waya za namna hii zimejaa madukani, na bei yake ndiyo inayotuvuta. Ikwangue kabla ya kuinunua. Muuzaji mwaminifu hatakukataza. Kibaya zaidi, waya ile ilitoka kwenye betri bila fyuzi, ikapita kwenye tundu la chuma kikali hadi chini ya viti vya watu. Fyuzi ya amplifaya hukaa jirani na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu inailinda waya, siyo amplifaya. Waya ile ikichubuka bila fyuzi, inawaka moto abiria wakiwa wameikalia. Sina neno la upole kuhusu jambo hilo. Mwenye matatu anayefunga muziki bila fyuzi ya betri anacheza na maisha ya watu, na afisa anayekagua matatu afunue boneti aitafute fyuzi hiyo.

Nyuma ya matatu hiyo kulikuwa na lori, na nyuma ya lori foleni.

Malaba na redio za malori ni habari nyingine. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda Februari 2018, na Malaba nayo ina chake; lori hukaguliwa upande mmoja tu, ule linakoingia. Kwa hiyo linalokwenda Uganda hukaguliwa ng'ambo, na foleni yake hungoja kwetu. Kuna siku foleni huenda haraka, kuna siku hulala hapo. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa korona kabla ya kuvuka, foleni ilirefuka kwa makilomita mengi na watu wakaishi ndani ya vichwa vya malori kwa siku kadhaa. Kwa mtu wa namna hiyo, redio si starehe. Ndiyo inayomwambia mpaka umefunguliwa au umefungwa, na ndiyo inayomzungumzia lugha ya kwao usiku.

Lori lina volti 24, betri mbili za 12 zilizofungana mfululizo. Redio nyingi za madukani ni za volti 12. Ukiifunga moja kwa moja, fyuzi inaungua ukiwa na bahati, na redio inaungua usipokuwa nayo. Njia sahihi ni kibadilishaji cha 24 kwenda 12, chenye ampia za kutosha. Redio yenye fyuzi ya ampia 10 inaweza kuvuta zote 10 besi inapopiga. Ukiipa kibadilishaji cha ampia 5 itawaka vizuri kwa sauti ya chini na kuzima kila ukipandisha. Redio inayozima ukiongeza sauti, lori au gari dogo, inalia njaa ya umeme. Itazame ethi yake na kinachoilisha kabla ya kuilaumu.

Lakini kuna njia ya mkato, na dereva wa lori lile alikuwa ameitumia: kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Redio inaimba vizuri, haiungui, na haihitaji kununua kitu. Shida haionekani siku ya kwanza. Betri moja inalisha redio usiku kucha, nyingine haifanyi kazi. Asubuhi jenereta ya lori inazichaji zote mbili kama betri moja. Iliyochoka haijai, iliyoshiba inazidishiwa mpaka inachemka maji. Baada ya muda zote mbili zimekufa, moja kwa njaa, moja kwa kushiba. Foleni inasogea, ufunguo unageuzwa, lori linatoa mlio mmoja wa kukwaruza, na malori yote ya nyuma yanaanza kupiga honi. "Dere wangu," fundi alimwambia, "redio ulipewa bure, betri utazilipia." Alimfungia kibadilishaji.

Tukarudi kwenye Probox. Fundi alifungua mlango wa kushoto na kuuvuta ule mpira mweusi wenye mikunjo ulio kati ya mlango na mwili wa gari, karibu na bawaba. Ndani yake ndimo waya za mlango hupita, na kila mlango ukifunguliwa na kufungwa hukunjuliwa na kukunjwa. Gari langu lilikuwa limebeba abiria barabara ya Busia na Bumala kabla sijalinunua. Mlango huo ulifunguliwa na kufungwa mara zisizohesabika kila siku kwa miaka. Waya ya zambarau, hasi ya spika ya mbele kushoto, ilikuwa imepasuka ngozi yake na kukatika nusu, na nyuzi zake za shaba ziligusa chuma cha mlango kila ulipofungwa. Chipu ya redio ilihisi shoti na kujihami, ikanyamazisha pande zote. Mundika, jirani yangu alipobamiza mlango, ndipo nyuzi zilipogusa kwa mara ya kwanza.

Hakuikunja na kuivika tepu nyeusi, maana jua la Busia huyeyusha gundi ya tepu na mkunjo wa mlango huimaliza kazi. Alikata kipande kibovu, akaunga waya mpya ndefu kidogo ili isivutwe, akachoma viungo kwa risasi, akavivika mrija wa plastiki unaojibana kwa moto, na akahakikisha viungo vimekaa nje ya mkunjo. Akachomeka redio. Habari za saa saba zilikuwa zinaanza.

Ada yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya spika moja kati ya zile mbili nilizonunua. Alitumia mita, betri ya saa ya ukutani, na sentimita zipatazo 20 za waya. Msomaji, utakapomfikia fundi na gari lililonyamaza, mwombe akuonyeshe namba kwenye mita kabla hajakutuma dukani. Akikataa, funga dashibodi yako na uende kwa mwingine.